Nyumba Ambayo Mvua Haisikiki

Katesh, 20 Julai 2025

Kaka Yonas,

Shikamoo. Nakuandikia Jumapili jioni, wenzangu wakiwa bombani wanafua. Mimi ni mzima na masomo yanaendelea, ingawa hesabu bado zinanishinda, na mwalimu wa Kiswahili amenipa kitabu kingine kabla sijamaliza kile cha kwanza. Nisalimie Bibi Getruda, mwambie goti lake naliombea kwenye rozari. Nisalimie mdogo wetu Loveness pia. Je, mahindi yameshaingia ndani? Vitunguu swaumu vimepata mnunuzi?

Kaka, kilichonifanya nishike kalamu ni nyumba. Nilipoondoka hapo Daudi, ulisema utajenga kiangazi hiki, kwenye shamba alilotupa Bibi, ili vuli ikifika tuwe na kwetu. Sikuuliza ni nyumba ya aina gani kwa sababu Bibi alikuwepo, na unajua mimi kuuliza mbele ya watu siwezi. Sasa nauliza.

Namfikiria Loveness. Aprili, mvua ilipolipiga bati la Bibi, alitoka mbio akashuka hadi mtoni, ukamkuta amesimama ndani ya maji. Ana miaka tisa, na mto ule wakati wa masika unabeba hata ndama. Tangu tulipotoka Jorodom, pale chini ya mlima, tangu mama aliposombwa na tope, kila mvua kubwa anafanya hivyo, na kila mara sisi tunasema ataacha. Hajaacha. Nyumba mpya ikimpigia kelele kama ile, siku moja utashuka mtoni na hutamkuta.

Halafu nimesikia Bibi anataka mjenge kwenye tundu la babu, pale kilima kilipochimbwa. Kama hamjaanza, nakuomba msianze.

Mimi nalala vizuri, usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Efrazia

*

Daudi, 9 Agosti 2025

Kwako Profesa,

Marahaba. Barua yako ilikaa ndani ya Fuso la vitunguu mpaka dereva aliponikumbuka. Hadi sasa ukiifungua inanuka mchuzi. Sisi wazima. Goti la Bibi linasema asante. Ng'ombe mwekundu amezaa jike, na Loveness amempa ndama jina lako. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Kwa sababu haongei, anaangalia tu."

Nyumba sasa. Nyumba ni vita. Mimi nataka bati. Tunayo yale mabati ya msaada wa maafa, yamelala nyuma ya zizi yanang'aa bure. Tofali nitachoma mwenyewe. Bibi hataki hata kusikia. Juzi alinianza nikiwa nakunywa uji.

"Bati linapiga kelele kama mlevi aliyefungiwa nje," akasema. "Sisi tulilala ndani ya tembe. Udongo juu, udongo pembeni, kilima mgongoni. Mvua inanyesha, wewe unaamka asubuhi unashangaa mbuzi wamelowa."

"Bibi, matembe yameisha. Watu watasema nimerudi enzi za babu."

"Babu yako alikosa nini? Amekufa kwa uzee, na meno yake yote."

Analitaka pale pale kwenye tundu, kilima kiwe ukuta wa nyuma na paa lilingane na ardhi, mbuzi wapite juu. Anasema wazee walichimba hivyo ili adui akija asione nyumba wala ng'ombe. Nikamuuliza, adui gani mwaka huu? Labda mwenyekiti wa kitongoji na michango yake. Akanirushia gunzi.

Shamba ni lake, na mimi hawezi kunisikiliza, anakumbuka nilivyokuwa nakojoa kitandani. Wewe anakuheshimu kwa sababu ya vitabu. Andika kitu, nimsomee.

Loveness hajambo.

Kaka yako,
Yonas

*

Katesh, 24 Agosti 2025

Kaka Yonas,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua, na kwa habari za ndama mwenye jina langu. Hapa tunaendelea salama. Rafiki yangu Juliana aliugua malaria akapona, na sasa anakula chakula chake na changu. Mlima unaonekana kutoka kwenye dawati langu. Lile kovu la maporomoko bado halijaota majani. Mawingu yakiufunika huwa naenda kukaa upande wa mlango, maana kule kuna mwanga zaidi wa kusomea.

Maneno ya kumsomea Bibi ni haya. Soma polepole, usitie utani wako.

"Bibi, shikamoo. Najua tembe la babu lilikuficha, wewe na ng'ombe wako. Lakini adui yule alikuja kwa miguu, na alikuja kwa mbele, akitafuta mlango. Aliyetujia sisi Jorodom hakutafuta mlango. Alitoka nyuma, mlimani. Kitabu cha jiografia kinasema kilima kikikatwa chini, udongo wa juu hubaki bila kitu cha kuegemea, na maji yakiuingia unazidi kuwa mzito mpaka unajiachia. Kwenye tundu la babu kilima kimekatwa chini, Bibi, na ukuta wa nyuma wa tembe ungekuwa kilima chenyewe. Nakuomba kwa magoti, mtoto wa mama yetu Imakulata asilale pale."

Basi, ni hayo. Likizo fupi ya Septemba sitakuja. Kuna mazoezi ya masomo ya jioni na nisingependa kuachwa nyuma.

Efrazia

*

Daudi, 15 Septemba 2025

Profesa,

Marahaba. Huku jua kali, vumbi mpaka kwenye chai. Mama Fausta, jirani yetu, amepata mjukuu. Bibi amekwenda kumwona mtoto, akarudi akisema ana masikio ya baba yake, maskini.

Nilimsomea. Akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Kisha akachukua fimbo yake akatoka. Nikamfuata kwa mbali kama mwizi. Alikwenda kwanza kwenye tundu la babu, akasimama akikitazama kilima. Halafu akapanda polepole hadi kwenye ule mgongo wa shamba tunapoanikia mahindi, mbali na kilima, na juu kabisa ya mto. Akachomeka fimbo.

"Hapa. Kilima nimekiacha kwa ajili ya mtoto wa Imakulata. Paa siliachi."

Yaani anataka tembe bila kilima! Nyumba ya udongo, paa tambarare la udongo, imesimama peke yake uwanjani. Nimeshasimamisha nguzo. Fundi Hilary anapita kila siku na baiskeli ili acheke. Jana alisimama kabisa. "Yonas, naona unajenga kaburi, ila umesahau kulichimba." Watu wote wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, ningefanya nini?

Lakini nina akili zangu. Kuta zikimalizika nitapandisha bati siku Bibi akiwa kanisani. Akirudi ameshachelewa. Atanuna wiki moja, basi.

Hayo mazoezi ya jioni ni ya nini? Loveness alikwenda barabarani siku zote za likizo kuangalia basi la Katesh. Sikumkataza.

Yonas

*

Katesh, 28 Septemba 2025

Kaka Yonas,

Shikamoo. Mwambie Bibi namshukuru, na kwamba nililia niliposoma kuhusu fimbo. Mpongeze Mama Fausta kwa mjukuu. Mimi ni mzima, kikohozi kidogo tu.

Kaka, lile wazo lako la bati ndilo jema. Fanya hivyo. Usisubiri. Neno la Hilary limenikaa kichwani na halitoki, hata darasani.

Wewe ulifika Jorodom mchana, kwa hiyo labda hukuona walivyokuwa wanatafuta nyumba. Walitembea juu ya tope wakichoma fimbo za chuma. Fimbo ikigonga bati inalia, na mtu anapaza sauti, "Hapa kuna nyumba!" Paa lilikuwa chini ya miguu yao na udongo ulikuwa juu ya paa. Sasa wewe unataka kuupandisha udongo huo juu kwa mikono yako mwenyewe, halafu watu walale chini yake. Ndiyo, najua ni mwembamba. Ndiyo, najua wazee walilala hivyo. Nimesoma pia kwamba matembe ni imara. Yote hayo nayajua.

Lakini Loveness ataogopa. Hawezi kulala chini ya udongo. Atasikia unadondoka vipande vidogo, atadhani umeanza. Chini ya bati mtu angalau anasikia kwamba mvua ipo. Kwenye tembe hasikii chochote, anakaa tu, na kitu kinaweza kuwa kinakuja.

Nijibu mapema.

Efrazia

*

Katesh, 19 Oktoba 2025

Kaka,

Shikamoo. Habari za nyumbani? Sijapata jibu, na yule dereva wa Fuso amepita hapa akasema hana barua.

Mvua imeshaanza kuonekana huku kabla ya wakati wake. Alhamisi mlima ulikuwa mweusi kuanzia katikati kwenda juu. Hapa chini halikudondoka hata tone, ila wakubwa wote walitoka nje kutazama. Mpishi wa shule aliacha sufuria jikoni akatoka na mwiko mkononi. Tulisimama tu.

Mpishi ana ndugu huko kwetu Mbulu, na amesikia kwamba mvua ya mawe ilianguka. Juu ya bati la Bibi? Loveness alikuwa wapi? Umeshapaua au bado? Kama kuna jambo limetokea, usilifiche kwa sababu nina mitihani. Ukinificha nitafikiria makubwa zaidi, unanijua.

Andika hata mstari mmoja.

E.

*

Daudi, 2 Novemba 2025

Efrazia,

Marahaba. Sisi wazima. Naanza na hilo ili uweze kusoma mengine ukiwa umekaa. Loveness ni mzima, yupo hapa, anamfundisha ndama kusalimia.

Mvua ya mawe ilikuja mchana. Mimi nilikuwa juu ya kuta nafunga mihimili, Bibi alikuwa kwa Mama Fausta. Loveness alikuwa peke yake ndani kwa Bibi, chini ya bati. Nilisikia ile kelele kutoka huku juu, nikashuka, sijui nilishukaje. Mlango ulikuwa wazi. Nikaenda mtoni moja kwa moja. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa na yanapanda, na hakukuwa na mtu.

Sitakuandikia kila kitu. Watu waliacha kazi zao. Hilary, yule yule, aliingia mtoni mpaka kifuani akishikilia kamba. Jua lilikuwa linashuka Mama Fausta alipopiga yowe kutoka kwake. Anacho kitembe cha zamani, cha mama mkwe wake, anafungia ndama. Loveness alikuwa ndani, amelala katikati ya ndama wawili, kidole mdomoni kama mtoto mchanga.

Wakati ule mawe yalikuwa yamerudi mara ya pili. Yalikuwa yanatupiga vichwani. Nikaingia, nikavuta mlango ili nisimwamshe kwa baridi. Ilikuwa kama mtu amezima redio. Nilisikia ndama wanacheua. Nilimsikia yeye anavyopumua. Huko nje dunia inapasuka, na mtoto hana habari.

Nilikaa humo mpaka wakaniita.

Kesho yake nikamwambia Bibi, "Nifundishe udongo." Hakunicheka. Alikuja na kigoda chake akakaa uwanjani kama bwana shamba. Mihimili ya mti mgumu, fito zimebanana hata panya asipite, juu yake majani, juu ya majani samadi na majivu, na mwisho udongo wa kichuguu. "Kanyaga! Unakanyaga au unacheza ngoma?" Hilary alikuja kuangalia, akaambiwa avue viatu apande naye. Amekanyaga siku mbili. Mabati ya msaada nimepaulia jiko na banda la kuku. Kuku hawana neno.

Barua yako ya Septemba ilinifikia kabla ya hayo yote. Sikujibu kwa sababu nilikuwa naisoma. Unasema Loveness ataogopa udongo. Efrazia, Loveness hajawahi kusema neno udongo hata siku moja. Anasema bati. Siku zote ni bati.

Wewe na yeye mlikuwa ndani ya nyumba ile na mama. Mimi nilikuwa huku Daudi nimelala. Sijawahi kukuuliza na sasa pia siulizi. Nakuambia tu kwamba mlango nimeuweka mpana, na unafunguka kwa nje.

Usiniandikie tena habari ya bati.

Yonas

*

Katesh, 23 Novemba 2025

Kaka Yonas,

Shikamoo. Nimepokea barua. Namshukuru Mungu, na Mama Fausta, na hata Hilary.

Mitihani imekwisha. Tarehe tatu, siku aliyokufa, nitamwombea mama hapa hapa kanisani, kisha tukifunga nitakuja Daudi. Nimesikia kwamba umepata kazi ya kupiga lipu Babati na huenda nisikukute. Si neno.

Nilikuwa nimeandika ukurasa mwingine baada ya huu, nikauchana.

Efrazia

*

Daudi, 14 Desemba 2025

Kaka Yonas,

Shikamoo. Natumaini Babati ni salama na bosi wako anawalisha vizuri. Huku sote wazima. Bibi anasema goti limepona kwa sababu ya kukupigia wewe kelele. Ndama mwenye jina langu amekula ukurasa wa kitabu cha shule, cha kemia, kwa bahati nzuri. Ningeweza kukupigia kwa simu ya Mama Fausta, lakini haya siwezi kuyasema kwa mdomo.

Nyumba nimeiona. Ni ya chini, rangi yake ni ile ile ya shamba, na kutoka barabarani nilidhani hujajenga. Mlango ni mpana kama ulivyosema. Siku za kwanza hapakuwa na mvua na nililala humo, ila nilikuwa nimelala tu machoni pa Bibi. Nilikuwa natazama zile fito. Vumbi likidondoka nilihesabu moyoni mpaka lingine lidondoke.

Jana mchana mvua ilikuja. Nilikuwa jikoni napembua maharage, chini ya yale mabati yako, na Bibi na Loveness walikuwa ndani ya nyumba. Likapiga tone moja, yakapiga mengi, na mara sikusikia kitu kingine. Nilitoka mbio, kaka. Si kwenda kwenye nyumba. Nyumba niliipita. Nilikwenda hadi kwenye mti wa mpaka, nikasimama uwanjani mvua ikinipiga, kwa sababu pale palikuwa na mbingu juu yangu na hakuna paa la aina yoyote. Nilitaka kurudi na miguu ilikataa.

Wale waliokuwa ndani hawakujua kwamba inanyesha. Aliyewaonyesha ni kuku aliyeingia amelowa. Loveness akaja mlangoni kumfukuza, na ndipo akaiona mvua. Nilimwona anasimama. Uso wake ukawa ule uso, unaujua. Nikasema moyoni, sasa atakimbia, mto upo kule chini, na mimi nimeganda hapa kama nguzo.

Akakimbia. Alitoka moja kwa moja kwenye mvua bila viatu, na nilipiga kelele nikimwita jina, lakini hakukimbilia mtoni. Alikuja kwangu. Akanishika sketi kwa mikono miwili akaanza kunivuta.

"Dada, ingia! Ndani hainyeshi."

"Loveness, mimi siwezi."

"Unaweza. Fumba macho. Mimi ndivyo nilivyofanya mwanzo."

Nikafumba. Alinivuta kama anavyomvuta ndama. Nilijua tumefika kwa sababu Bibi alisema, "Funga mlango, wewe, kuku watahamia wote," na mlango ukafungwa, na mvua ikaisha. Haikuisha. Unajua ninachosema.

Nikakaa chini, mgongo kwenye mlango. Kaka, ukurasa niliouchana ulisema hivi. Asubuhi ile Jorodom, bati lilipiga kelele mpaka tukawa tunaongea kwa kuonyeshana mikono. Mama aliona sakafu inatetemeka. Alitufanyia ishara tunyamaze, akaweka sikio kwenye ukuta wa nyuma ili asikilize, na hakuweza kusikia kwa sababu ya bati. Alikuwa bado ameweka sikio. Ndivyo ilivyokuwa. Loveness analiogopa bati kwa sababu lilimzuia mama kusikia. Mimi naogopa udongo kwa sababu niliuona ukiingia kupitia ule ukuta. Hakuna nyumba ambayo ingetutosha sote wawili, na mimi nilikuombea ile ya kwangu kwa jina lake. Huku Katesh kila mvua inaponyesha nakaa mlangoni mwa bweni na viatu vimefungwa. Septemba hapakuwa na mazoezi yoyote.

Leo inanyesha tena. Naweza kuona kupitia ufa wa mlango, kusikia siwezi. Bibi anasinzia kwenye kigoda. Bado naogopa, sitaki nikudanganye tena. Kila vumbi likidondoka nahesabu tena. Ila nipo ndani.

Samahani kwa mwandiko. Karatasi inateleza, na mkono wa kushoto siwezi kuutumia kuishika, kwa sababu Loveness ameufunga kwa ncha ya kanga na ncha nyingine ameifunga kiunoni mwake. Anasema ni ili nisikimbie. Amelala hapa pembeni yangu tangu mvua ilipoanza, na fundo nimeliacha kama alivyolifunga.

Mdogo wako,
Efrazia